Ng'ombe wa Kojani

Baba alitaka ng'ombe.
Ng'ombe tu, mwenye nundu na pembe mbili,
na chini yake: BUCHA LA AMBINDWILE, NYAMA SAFI.
Alilipa nusu taslimu. Nusu ya pili
ingelipwa kwa utumbo, kila Jumamosi.

Bi Mize Kombo aliletwa Tukuyu na fundi wa mitambo ya chai.
Fundi akahamia Njombe na mtu mwingine.
Yeye akabaki, brashi nne na koti la mtumba
linalomfika visiginoni.
"Nirudi Kojani nikaseme nini?"
Hakuna aliyemjibu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mimi ndiye niliyeshika ndoo.
Nyeusi aliinunua dukani, rangi ya mafuta, kopo dogo.
Buluu ya kopo ilikuwa bei ya kilo tatu za steki,
kwa hiyo akanunua buluu ya kufulia,
vipakiti kumi na viwili kwa Mama Gwantwa,
akaikoroga na chokaa na uji wa muhogo,
akaionja kwa ncha ya ulimi.
"Bado chumvi," akasema.

Siku ya kwanza ng'ombe akapata pembe.
Siku ya pili, macho.
Siku ya tatu baba akatoka na kisu mkononi:
"Kwato ziko wapi?"
"Majini."
"Maji gani?"
"Kwetu ng'ombe huogelea kwenda malishoni ng'ambo.
Huonekana kichwa na nundu. Huyu wako nimemwonea huruma,
nimemsimamisha penye kina kifupi."

Watu wa stendi walicheka mpaka wakashika mbavu.
Ambindwile siku hizi anauza sato!
Baba akarudi ndani, akapasua mbavu za mtu kwa hasira.

Chini ya tumbo la ng'ombe akamchora chunusi,
nywele nyingi, mikono mirefu, uso hana.
"Kwa nini hana uso?"
"Aliyeuona hakurudi kuusimulia."

Nami sikutaka kushindwa na mgeni.
Nikampa la kwetu: ziwa Ngosi,
ambalo bibi husema lilikaa huku bondeni,
watu wakalichoka, wakalitupia mawe ya moto,
likajikusanya usiku, likapanda mlima,
likalala kileleni mpaka leo.

Brashi ikasimama.
"Maji yalifukuzwa?"
"Ndiyo."
"Yakapanda juu?"
"Juu kabisa."
Hakusema tena. Juu ya nundu ya ng'ombe
akachora duara dogo la buluu,
akalipuliza, kama mtu apulizavyo jicho la mtoto.

Asubuhi moja ukungu ulishuka,
mashamba ya chai yakazama, migomba ikazama,
msalaba wa kanisa ukabaki peke yake kama mlingoti.
Bi Mize alisimama mlangoni na koti lake.
"Maji yamejaa," akasema, si kwangu.

Kisha Aprili. Mnaijua Aprili ya Tukuyu.
Siku tisa ukuta ulilia buluu.
Chunusi alitoka kwanza, mikono ikitangulia,
halafu bahari, halafu ziwa la nunduni.
Mfereji wote ukawa kama umefuliwa shati la shule.

Nilikimbia kumwita. Alikuja bila mwavuli,
akautazama mfereji. "Unakwenda wapi huu?"
Mwalimu Sekela, aliyekuwa akingoja kilo yake ya nyama,
akahesabu kwa vidole: "Kiwira. Ziwa Nyasa.
Mto Shire. Zambezi. Halafu bahari."
"Bahari ipi?"
"Hiyo hiyo yenu."
"Kwa siku ngapi?"
Mwalimu akasema kitabu hakikuandika.

Ukutani ilibaki nyeusi peke yake,
pembe, nundu, mgongo, macho mawili,
na pale pa miguu, ukuta mtupu.
Baba aliuangalia muda mrefu, kisu kikidondosha maji ya mvua.
"Ng'ombe wangu anaelea," akasema.

Hakudai kwato.
Jumamosi Bi Mize alikuja na bakuli lake.
Baba akamjazia utumbo, akaongeza ini.
"Ndaga," akasema Bi Mize,
kwa lafudhi ya Kojani.